Nyuso za Igoma Zisipotee Mara ya Pili

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwa barabara iendayo Musoma hufika Igoma kabla hajaliacha Jiji. Hapo pana soko, pana kituo cha magari, pana kelele za makondakta na nyundo za mafundi. Na hapo pia pana makaburi ambayo kila mwaka, ifikapo tarehe 21 Mei, huwaita watu wa pande zote za Ziwa. Humo wamelala baadhi ya ndugu zetu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, ilipokuwa ikikaribia Mwanza.

Mwaka mmoja tulihudhuria kumbukumbu hiyo. Watu wa ukoo mmoja walikuja na bango la turubai lenye kimo cha mita mbili, limebeba sura ya kijana wao aliyepotea katika meli ile. Walikuwa wamechanga fedha, na fedha zao hazikuwa za mchezo. Bango liliposimamishwa, sisi tuliokuwa mbali tulimwona kijana aliyesimama wima, amevaa shati jeupe. Lakini tulipokaribia, uso ule ulivunjika ukawa viraba vya rangi, kama sakafu ya vigae: jicho lilikuwa viraba vinne vitano vyeusi, na mdomo ulikuwa mstari usio na maana. Mama yake, mzee wa kutembelea mkongojo, alisogea hadi akaligusa turubai kwa kiganja. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mjukuu wake akauliza, "Huyu ndiye?"

Swali hilo halijatutoka moyoni hata leo. Mama asiulizwe wala asiulize habari ya uso wa mwanawe. Tukafanya uchunguzi, tukaambiwa jambo lililotuongezea huzuni: negativu ya picha ile ipo. Haikupotea, haikuungua, haikuliwa na mende. Imehifadhiwa katika kopo la majani ya chai chini ya kitanda, na ni safi. Basi uso wa kijana haukuharibiwa na Ziwa wala na miaka. Uliharibiwa mezani, katika dakika chache, na mtu aliyeiskani negativu ile kama anavyoskani barua ya ofisini. Hatumtaji fundi wala duka, kwa kuwa kosa hili si la mmoja. Ni kosa letu sote tusiojua, na ndiyo sababu leo tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa urefu.

NEGATIVU NI NINI

Vijana waliozaliwa katika enzi ya simu huenda hawajapata kushika negativu. Zamani mpiga picha alitia filamu katika kamera. Mwanga ukaingia, ukaichoma filamu hiyo kwa kadiri ya ung'avu wa kila kitu kilichokuwa mbele yake. Filamu ikasafishwa kwa dawa katika chumba cha giza, na hapo ikaonekana picha iliyopinduka: cheupe kikawa cheusi, cheusi kikawa cheupe. Hiyo ndiyo negativu. Kutoka kwayo fundi aliweza kusafisha picha za karatasi kadiri apendavyo, ndogo za kutia pochini au kubwa za kutundika ukutani.

Yafuatayo hayana budi kueleweka vema. Picha ya karatasi ni mtoto. Negativu ni mzazi. Kile kilichomo katika karatasi ni sehemu tu ya kile kilichomo katika filamu. Karatasi ndogo ya albamu haikuhitaji yote, hivyo fundi alichukua ya kumtosha akaacha mengine. Mtu akitaka leo kufanya picha kubwa, naye anayo negativu, kisha akaiacha akaenda kuipiga kwa simu ile karatasi iliyopauka, huyo amefanana na mtu aliye na ng'ombe zizini lakini anakwenda kuomba maziwa kwa jirani.

Mwaka 1996 picha karibu zote za nchi yetu zilikuwa za filamu. Harusi zilipigwa kwa filamu, ubatizo kwa filamu, timu za mpira, mikutano ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi, mahafali ya shule, wote hao walikwenda kwenye filamu. Meli ile iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Kwa wengi wao hakuna picha nyingine duniani isipokuwa ile iliyopigwa studio ya mtaani, au ile ambayo wameonekana kwa mbali katika kundi la watu. Ndiyo maana twasema kwamba mambo ya negativu si mambo ya mafundi peke yao.

MATUNDU YA WAVU

Tulikwenda kwa mpiga picha mmoja mzee hapa Mwanza, tukamwomba atufundishe. Naye, kwa kuwa ni mtu wa Ziwa, alitufundisha kwa wavu.

Alisema: "Mvuvi atakaye sangara huchukua wavu wa matundu makubwa. Mvuvi atakaye dagaa huchukua wavu wa matundu madogo. Ukipeleka wavu wa sangara kuvua dagaa, utarudi pwani na maji matupu, hata kama Ziwa limejaa."

Skana ni wavu. Nayo hupimwa kwa idadi ya nukta inazozisoma katika kila inchi moja. Nukta zikiwa chache, matundu ni makubwa, na mambo madogo yote yatapita: kope, mkunjo wa shavu, kishikizo cha shati. Nukta zikiwa nyingi, matundu ni madogo, na mambo hayo yatanaswa.

Sasa tuhesabu pamoja, maana hesabu haina upendeleo. Filamu iliyotumiwa na watu wengi ni ile ya milimita 35, ambayo kila picha yake ina urefu wa milimita 36 na upana wa milimita 24. Ni kitu kidogo, kama stempu kubwa ya posta. Fundi akiiskani kwa nukta 300 katika kila inchi, kipimo kinachotosha kabisa kwa barua, atapata nukta 425 kwa 283 tu. Ukizitandaza nukta 425 juu ya bango la mita mbili, kila nukta moja itakuwa na ukubwa wa karibu nusu sentimita. Hivyo ndivyo viraba tulivyoviona Igoma.

Akiiskani kwa nukta 1,200, atapata 1,701 kwa 1,134. Hiyo yatosha kwa picha ya kushika mkononi, haitoshi kwa ukuta. Akiiskani kwa nukta 4,000, atapata 5,669 kwa 3,780, yaani zaidi ya nukta milioni 21 katika picha moja. Kwa hizo aweza kufanya picha ya sentimita 48 kwa 32 iliyo laini kama ya kitabu, yenye nukta 300 katika kila inchi ya karatasi. Na akizitandaza juu ya bango lile lile la mita mbili, atapata nukta 72 katika kila inchi. Na uso wa kijana yule, uliochukua kama sehemu moja ya nane ya picha, utakuwa na nukta 700 toka paji hadi kidevu, badala ya 53.

Msomaji atauliza: kwa nini basi tusiende hata nukta 10,000? Mzee wetu alicheka. Alisema wavu wenye matundu madogo kupita samaki mdogo kuliko wote hauleti samaki zaidi. Huleta matope na magugu. Filamu nayo imeundwa kwa chembe. Ukiisha kuziona chembe zenyewe waziwazi, na zina makali kutoka kona hadi kona, umekwisha kuchukua karibu yote yaliyomo. Kwa filamu nyingi za milimita 35 zilizotumiwa nchini, kiasi cha nukta 4,000 chatosha. Zile negativu kubwa za mraba za studio za kale, zenye sentimita sita kila upande kwa jina, na 5.6 kwa kipimo halisi, zina eneo kubwa zaidi. Hizo hata kwa nukta 2,400 hutoa zaidi ya 5,200 kila upande. Hivyo mwenye negativu za namna hiyo ajue ana akiba kubwa.

MAZIWA YALIYOTIWA MAJI

Hapa hatuna budi kuwaonya ndugu zetu juu ya udanganyifu wa namna mbili.

Kwanza ni udanganyifu wa namba. Skana nyingi za mezani, za kulaza karatasi, zimeandikwa juu ya sanduku lake kwamba husoma nukta 4,800 au 6,400. Zikijaribiwa kwa filamu, mara nyingi hazifikii hata nusu ya hizo. Tena zipo ambazo, baada ya kusoma nukta chache, hujiongezea nyingine kwa kukisia, ili faili ionekane kubwa. Msukuma mfugaji hahitaji mwalimu wa kumweleza jambo hili: maziwa yaliyotiwa maji hujaza kibuyu, lakini ukiyasuka hayatoi siagi. Usimwulize fundi faili yake ina ukubwa gani. Mwambie aifungue, aikuze machoni pako, uone kama chembe za filamu zina makali au zimekuwa ukungu.

Pili, na huu ndio mbaya zaidi, ni udanganyifu wa programu mpya za kompyuta. Leo zipo programu ambazo ukizipa uso uliovunjika viraba, huurudisha katika sekunde chache ukiwa laini, wenye kope na meno na ngozi inayong'aa. Watu hushangilia. Lakini kope zile zimetoka wapi? Hazikutoka kwenye filamu, maana hazikuwamo katika nukta zilizosomwa. Programu imezibuni kwa kukumbuka nyuso za maelfu ya watu wengine ilizofundishwa. Itampa kijana wa Kemondo macho ya mtu asiyemjua, na kumwekea mama picha ya mgeni juu ya kaburi la mwanawe. Sisi tuliofundishwa tangu utoto kwamba ushahidi wa uongo ni dhambi twasema bila kusita: ni afadhali uso wenye chembe ulio wa kweli kuliko uso laini ulio wa kubuni. Kuondoa vumbi na mikwaruzo ni halali. Kuunda macho si halali.

Na pale filamu yenyewe isipokuwa na kitu, tukubali kwa unyofu. Mathalani katika picha ya kundi, uso wa mtu huweza kuwa na milimita mbili tu juu ya filamu. Kwa nukta 300 uso huo una nukta 24, yaani hauna kitu. Kwa nukta 4,000 una 315. Ukiufanya uwe na kimo cha sentimita 10, mtu atatambuliwa na wamjuao. Ukiulazimisha uwe kama wa mtu mzima hai, utabaki na kivuli. Basi picha hiyo na ifanywe ndogo, itundikwe kwa heshima. Ukubwa wa picha si ukubwa wa upendo.

MAMA HUSOGEA KARIBU

Mafundi wa mabango wana kanuni yao. Wasema picha kubwa hutazamwa kutoka mbali, hivyo haina haja ya nukta nyingi. Mtu asimamaye mita moja na zaidi hawezi kutofautisha nukta zilizosongamana kupita 90 hivi katika inchi. Na lile bango la barabarani litazamwalo na abiria wa basi laweza kuwa na nukta chache kabisa bila mtu kujua. Kanuni hii ni ya kweli. Kwa bango la sabuni au la soda, yatosha.

Lakini kwa makaburi ya Igoma kanuni hii haitoshi, na hilo ndilo tulilojifunza kwa yule mama. Mnunuzi wa sabuni hupita, mfiwa husimama. Mnunuzi hutazama kutoka ng'ambo ya barabara. Mfiwa husogea hadi pumzi yake ikagusa turubai. Atatafuta alama ya kovu juu ya nyusi, atatafuta jino lililopishana, atatafuta kola aliyoishona kwa mikono yake. Kwa hiyo kipimo cha picha ya ukumbusho kisiwe umbali wa mpita njia, bali kiwe umbali wa mkono wa mama. Kama bango la mita mbili haliwezi kutimiza hayo, lifanyike la mita moja. Nukta zile zile zitasongamana mara mbili, nalo litasema kweli kwa mtu aliye karibu.

Tena tusisahau vivuli. Picha zetu nyingi zilipigwa katika jua kali la saa sita, na nyuso zetu ni nyeusi, na mara nyingi juu yake kulikuwa na kofia au mtandio. Skana ikiachwa ijiamulie yenyewe, hupenda kung'arisha mashati na kuzitupa nyuso gizani. Fundi aamuru mashine isome vivuli kwa ngazi nyingi. Ile njia ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila rangi. Njia ya pili ina ngazi 65,536. Achukue ya pili, na faili aihifadhi kwa namna ya TIFF isiyopunguza kitu, wala si kwa JPEG ambayo kila ikihifadhiwa upya hutupa kidogo. Picha moja ya nukta milioni 21 kwa njia hii huchukua megabaiti kama 129. Filamu nzima ya picha 36 huchukua chini ya gigabaiti tano. Kidude cha kuhifadhia cha gigabaiti 32, kinachoingia katika mfuko wa shati, hubeba filamu sita. Hilo si jambo la kulishinda tawi la Chama.

KAZI IFANYWE MARA MOJA

Wako watakaosema: "Tuiskani sasa kwa kipimo kidogo, tukipata fedha tutarudia." Twawajibu kwamba kurudia hakupo. Studio moja baada ya nyingine imefungwa, na masanduku ya negativu yametupwa jalalani mwenye nyumba alipotaka chumba chake. Mashine nyingi nzuri za kuskani filamu zimeacha kutengenezwa. Rangi za filamu hupauka hata gizani. Joto na unyevu wa Ziwa huleta kuvu. Na plastiki ya filamu nyingi za kale yenyewe huanza kuoza. Mtu akifungua kopo akasikia harufu ya siki, ajue uozo umekwisha kuanza, naye aitenge negativu hiyo na nyingine upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ukianguka, haujengeki.

Wako pia watakaosema: "Zahanati zataka dawa na shule zataka madawati, picha ni anasa." Hoja hii twaiheshimu, kwa maana imesemwa na watu wenye uchungu na nchi. Lakini hatuombi jengo wala gari. Mahali pasipo na skana ya filamu, kamera ya kisasa yenye nukta milioni 24, yaani 6,000 kwa 4,000, ikiwekewa lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ikafungwa imara juu ya meza ya kioo chenye mwanga ulio sawa kila upande, huisoma negativu ya milimita 35 kwa kipimo kisichopungua kile cha nukta 4,000 tulichokitaja, mradi lenzi iwe nzuri na kamera isitikisike. Kamera kama hizo zipo hapa Mwanza. Hutumiwa kila Jumamosi kwenye harusi. Kinachotakiwa ni kipuliza vumbi, glovu za pamba, subira, na mtu anayejali. Kazi mbaya si mchezo mwema, wahenga walisema. Nasi twaongeza kwamba kazi hii nzuri si ghali.

Wengine wametutangulia. Unguja, Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilijulikana kwa kutunza negativu za Zanzibar ya kale, na kwa hizo watu wa leo wameona mitaa na nyuso ambazo hawakuzikuta. Rwanda, katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyofunguliwa Kigali mwaka 2004, kuna chumba kilichojaa picha za familia zilizotolewa na jamaa za waliouawa mwaka 1994: harusi, vipaimara, watoto waliobebwa mgongoni. Sisi wa Ziwa tunaijua habari hiyo kwa karibu, maana mwaka ule mto Kagera ulituletea miili ya ndugu zetu hao hadi katika maji yetu. Mtu aingiapo chumba kile haambiwi idadi, huonyeshwa watu. Idadi husahaulika, bali uso hukumbukwa.

Na asidhani mtu kwamba enzi ya simu imetuondolea shida hii. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Picha zao nyingi zilikuwa katika simu zao, na simu zilikwenda nao. Filamu iliyo katika kopo chini ya kitanda imekuwa salama kuliko simu iliyo mfukoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

YAPASA TUFANYE NINI

Tunatoa shauri lifuatalo kwa matawi yetu ya Igoma, ya Mwanza yote, na ya ng'ambo ya pili ya Ziwa, Bukoba na Kemondo.

Kwanza, kila tawi liwaombe jamaa za marehemu watafute negativu zao. Zisikatwe, zisifutwe kwa kanga wala kwa mate, zisishikwe kwa vidole isipokuwa pembeni. Zitiwe katika bahasha safi ya karatasi, juu yake yaandikwe kwa penseli jina la aliyemo, jina la aliyeitoa, na mwaka, kabla negativu haijatiwa ndani.

Pili, negativu isichukuliwe na tawi ikawa mali ya tawi. Iskaniwe mbele ya mwenyewe au kwa stakabadhi, kisha irudishwe katika kopo lake la majani ya chai. Nakala ziwe tatu: moja kwa jamaa, moja kwa tawi, moja mahali pa mbali, ili moto wa nyumba moja usiteketeze zote.

Tatu, kipimo kiwe kimoja kwa wote: si chini ya nukta 4,000 kwa inchi kwa filamu ya milimita 35, ngazi nyingi za vivuli, na faili isiyopunguzwa. Picha ya tajiri na picha ya kuli zipimwe kwa wavu ule ule. Mtu maskini asiambiwe kwamba yake yatosha kwa nukta 300.

Nne, picha za maiti zilizopigwa siku zile za msiba zitunzwe kwa historia, lakini zisitundikwe hadharani. Tunataka kuwakumbuka kama walivyokuwa hai.

Tano, wafanyakazi wenyewe wasingoje msiba ndipo wakumbuke. Katika makabati ya viwanda vya kuchambulia pamba, ya vyama vya ushirika, ya bandari na ya reli, zimo filamu za watu walioijenga Kanda hii. Mara ngapi tumeona picha ya waasisi wa TANU ya mwaka 1954, au ile ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964, zikitundikwa katika sherehe zikiwa na nyuso zilizovimba kwa viraba, kwa kuwa mtu aliiokota nakala ya nakala? Kama tunaweza kuwatendea hivyo waasisi wa Taifa, tutamtendeaje mpakia mizigo wa Kemondo?

Vijana wetu wanaojua kompyuta, hii ndiyo kazi ya kujitolea iwafaayo. Hamtaombwa kuchimba mtaro wala kufyatua matofali. Mtaombwa kuketi na wazee, mkawasikiliza, mkapuliza vumbi, mkahesabu nukta kwa uaminifu. Kijana mmoja akiwa na kamera moja aweza kumaliza filamu nzima kwa alasiri moja.

Sisi, kwa upande wetu, tumekwisha kurudi kwa ukoo ule. Tulimkuta mama kibarazani akipepeta mchele. Mjukuu alilitoa kopo chini ya kitanda, akaifungua negativu, akainyanyua ielekee dirishani. Mama hakuweza kuona kitu, maana katika negativu mwanawe alikuwa na uso mweupe na shati jeusi, tena mdogo kama ukucha. Akatuuliza kama kweli yumo humo. Tulimwambia kwamba yumo, na kwamba yumo mzima.

Tarehe 21 Mei haiko mbali. Ndugu wa Igoma, mfungueni makopo.